Umeme wa mkupuo ni nini?

Waliowahi kutumia kamera za filamu watakumbuka kile kimlio chembamba, kama cha mbu, kilichopanda taratibu kabla flashi haijawa tayari. Unasubiri sekunde kadhaa, kitaa kinawaka, unabonyeza: pwa! Betri mbili ambazo haziwezi hata kupasha kikombe cha chai zimetoa mwanga wa kumfumba mtu macho. Huo ndio umeme wa mkupuo, katika umbo lake dogo.

Nishati inakusanywa polepole, kisha inaachiwa yote kwa muda mfupi mno. Haba na haba hujaza kibaba, halafu kibaba kinamwagwa chote mara moja. Kilichomo hakiongezeki hata chembe. Kinachobanwa ni muda. Kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, ya flashi yenye mikrofaradi 100, ikijazwa hadi volti 300, hubeba jouli 4.5. Ijaze kwa sekunde 5, unatumia chini ya wati 1. Imwage kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, unapata wati 4,500, yaani birika mbili za umeme na ushee.

Kazi inakuwa ngumu pale zinapotakiwa volti laki kadhaa, maana kapasita moja ya kuhimili hizo ni tabu kuitengeneza. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Erwin Marx alikuja na ujanja unaotumika hadi leo. Kapasita nyingi hujazwa zikiwa sambamba, kila moja kwa volti zake za wastani, kisha ghafla huunganishwa kwa mfululizo na volti zikajumlika. Kumi za volti 50,000 zinakupa laki tano. Swichi zenyewe ni mianya tu kati ya vipande vya chuma. Cheche ikiruka mwanya wa kwanza, mzigo unauelemea wa pili, nao unasalimu amri, hivyo hivyo hadi wa mwisho.

Mtambo mashuhuri wa aina hii unaitwa Z, uko katika maabara ya Sandia huko Albuquerque, Marekani. Una majenereta 36 ya Marx yaliyopangwa kwa duara, na mingi ya mitambo yake imezamishwa kwenye mafuta na maji safi, kwa kuwa hewa peke yake ingeshindwa kuuzuia umeme usiruke ovyo. Ukifyatuliwa, ampea zipatazo milioni 26 hupita kwa takriban nanosekunde 100 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Sumaku inayozaliwa na mkondo huo hubana kipande kidogo cha mata kwa nguvu ya kutisha, na watafiti wakapata kuchunguza hali zilizomo ndani ya sayari kubwa, au kujaribu muunganiko wa nyuklia. Hapo wati zinazopita zinazidi za mitambo yote ya kufua umeme duniani ikijumlishwa. Lakini nishati iliyohifadhiwa kabla ya kufyatua ni kama megajouli 22 tu. Kwa hesabu ya LUKU, hizo ni uniti sita.

Hospitalini, mkupuo huvunja mawe ya figo bila kisu. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo München mwaka 1980, akiwa amelazwa ndani ya beseni la maji: cheche inalipuka chini ya maji, wimbi la mshtuko linakusanywa na bakuli la chuma na kulenga jiwe. Viwanda vya krispi navyo hupiga viazi kwa mapigo mafupi kabla ya kuvikata. Umeme hutoboa vitundu kwenye utando mwembamba wa seli, kiazi kinalegea, kisu kinapita bila kukivunja.

Kapasita haina habari kama umechomoa waya ukutani. Ndiyo maana fundi mzoefu akifungua maikrowevu, hata iliyokaa kabatini, hagusi kitu kabla ya kuimaliza kapasita chaji. Siku ikilia paa mbele yake, anajua mkono wake umenusurika na nini.