Gari Dogo Si Gari Kubwa Lililosinyaa

Mimi huunda magari madogo ya plastiki, mfano wa magari ya kweli. Jumamosi iliyopita fundi rangi mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma, alipita kibarazani kwangu, akanyanyua bodi ya Ford ya 1932 niliyokuwa naipiga msasa, akaigeuza huku na huku, kisha akatoa hukumu: "Gari ni lilelile hili, mdogo wangu, dogo tu. Nina nyekundu imebaki ya Hilux. Lete nikupigie koti tatu na klia juu, litang'aa kama kioo."

Nikamwambia asante, kaka, nitakutafuta. Huyo ni wa nne tangu mwaka uanze, na mmoja wa wale watatu waliotangulia anaunda magari kama mimi, kwa hiyo hana hata udhuru. Haya, tufanye hesabu kwanza, kugombana baadaye.

Gari langu ni la skeli ya 1/25. Milimita moja mezani kwangu ni sentimita mbili na nusu barabarani. Rangi ya gari la kiwandani, kuanzia praima (koti la kwanza) hadi klia (koti angavu la mwisho), ina unene wa milimita 0.1 hivi, pengine na kidogo juu. Ili rangi hiyo nayo isinyae pamoja na gari, ingebidi iwe milimita 0.004. Hajazaliwa fundi wa kupuliza hivyo. Na ukinipigia ileile ya Hilux, umelivalisha gari langu ngozi ya milimita 2.5. Hiyo tena si rangi, ni lipu.

Utaiona wapi? Angalia mlango. Kwenye gari la kweli, upenyo kati ya mlango na bodi ni kama milimita 5. Kwangu ni 0.2. Rangi ikituama 0.1 upande huu na 0.1 upande ule, mlango umekwisha kuwa ukuta. Zile bawaba za nje za Ford ya 1932, ambazo ndizo uso wa gari lenyewe, zinazama zinakuwa vipele. Ulianza na gari, umemaliza na mche wa sabuni. Unang'aa kweli, lakini ni sabuni.

Ndiyo maana kabla ya tone lolote la rangi mimi huchimba mistari. Mgongo wa kisu, si makali, unauvuta taratibu mara tano au sita kwenye mstari uleule mpaka uwe na kina. Ukizidisha unatokea ndani na mlango unabaki mkononi. Imenitokea. Kisha praima nyepesi, rangi nyepesi, na ukiona plastiki bado inachungulia usihamaki, rudia kesho. Mng'ao hautoki kwenye wingi wa koti, unatoka kwenye msasa wa maji na kupolishi. Hili nimelisema mpaka nyumbani wamelikariri.

Metaliki ndiyo inayonitoa machozi. Zile punje kubwa za kumetameta wanazopenda wenye magari ya maonyesho Marekani, aina moja ya kawaida ina milimita 0.2. Ipige kwenye 1/25 uone: kila punje ni milimita 5. Gari limemwagiwa dengu.

Na hali ya hewa je? Sisi tupo kando ya ziwa. Msimu wa mvua, tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ikikauka haraka inapoza uso wa bodi, unyevu wa hewani unatua juu yake, na nyeusi yako inageuka uji. Fundi wa gereji anajua hilo, lakini yeye ataipolishi ikiwa imeharibika, ana unene wa kuchezea. Mimi nikipolishi sana natokea kwenye plastiki. Kiangazi nacho kina vumbi, na chembe ya vumbi unayoipuuza wewe kwangu ni kokoto. Dawa ya vumbi ni kumwagia sakafu maji. Dawa ya unyevu ni kutomwagia sakafu maji. Chagua mwenyewe.

Kuhusu tina yenyewe nitasema kwa kifupi kwa sababu bado inauma. Mwaka wangu wa kwanza nilikubali ofa kama ile ya Jumamosi, kwenye gereji ambayo siitaji. Bodi za magari haya ni plastiki iitwayo polistirini, na tina kali ya gari inaila polistirini kama moto unavyokula nailoni. Nilirudishiwa boneti yenye nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Kuna watu hupitisha praima ya gari kwa vumbi jepesi sana, likakauka kabla halijang'ata. Mimi nimejaribu mara tatu, mara mbili ikakubali. Tofauti ya ile ya tatu mpaka leo sijaigundua, kwa hiyo simshauri mtu.

Halafu, kwa kuwa magari haya huuzwa vipandevipande ndani ya boksi, kuna wanaosema kazi yenyewe ni kuunganisha vipande vya boksi tu. Nyie watu wa Kigoma, kweli? Meli yenu Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha kwa maelfu, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa majini 1915. Boksi kubwa kuliko lile sijui kama lipo.

Sasa paa, maana huku ndiko "lilelile, dogo tu" inakofia kabisa. Vijana wa kusini mwa California waliokuwa wakishindana mbio za magari kwenye maziwa yaliyokauka maji ya Muroc na El Mirage walitoa madigadi kupunguza uzito, na wakashusha mapaa kupunguza upepo. Nasi tunaounda tunawaiga, tunakata nguzo za madirisha na kushusha paa. Tuseme inchi 3. Kwenye 1/25 hiyo ni milimita 3 na nukta kidogo. Mtu anachora mistari miwili kwenye kila nguzo, anachukua msumeno wa chuma, anakata juu ya mistari. Lakini jino la msumeno wa chuma nalo linakula karibu milimita moja, yaani inchi nzima ya gari! Umepanga kukata tatu, umekata nne, na bado hujapiga msasa kunyoosha. Kata kwa wembe wa msumeno mwembamba, tena ndani ya mistari.

Haya, umekata vizuri. Unashusha paa, halikai. Watu wanashangaa hapa kila mara. Nguzo za mbele zimelala kidogo kuelekea nyuma, mgongo wa kupe (gari la milango miwili, si mdudu) umelala kuelekea mbele, na ubavu nao unabana kadiri unavyopanda. Paa ni fupi na jembamba kuliko mahali unapolishusha. Fundi wa chuma anapasha nguzo moto anazisimamisha, au anakata paa katikati na kulirefusha. Mimi nalirefusha. Kipande natoa kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda, ina milimita 0.76 na imenyooka kuliko chochote kinachouzwa mjini. Ila ni PVC, plastiki ya aina nyingine, gundi ya plastiki ya kawaida haiishiki, tumia supagluu. Kioo cha kwenye boksi kitupe, hakitaingia tena. Kata kingine kwenye kifuniko angavu cha keki.

Na nikiri jambo. Vipimo vyote hivi nimevisema kwa ukali, lakini gari la Jumamosi sikulikata inchi 3. Nilikata tatu kwa hesabu, nikaliweka mezani, nikalitazama siku mbili, likawa linaonekana refu kama basi la Kasulu. Gari la kweli unalitazama ukiwa umesimama kando yake. Hili unalitazama kutoka juu kama ndege, na paa linaziba kila kitu. Nikaondoa nusu milimita nyingine. Kwa rula nimekosea. Kwa jicho nadhani nimepatia, ingawa jana jioni kwa taa ya umeme lilionekana kama limekaliwa na mtu mnene. Gundi imeshakauka, kwa hiyo litabaki hivyo.