Hirizi, buibui na eksirei: maswali ya akina mama wa Lamu

Maswali haya huulizwa sana na akina mama wa mitaa ya Mkomani na Langoni kabla ya kwenda kupigwa picha ya eksirei.

Ni lazima nivue buibui?

Si lazima ubaki mwili wazi. Kitambaa cha pamba hakizuii miale; kinachoharibu picha ni kulabu za sidiria, zipu, pini za mtandio na shanga zilizoshonwa kifuani. Vaa dera jepesi lisilo na vifungo chini ya buibui. Sidiria uivue kwenye chumba cha kubadilishia, ushungi ubaki bila pini. Mpiga picha akiwa mwanamume, omba mwanamke. Akikosekana, akuelekeze kwa maneno na nduguyo wa kike awepo. Miale ikiwashwa, ndugu huyo asimame nyuma ya kizuizi. Mgonjwa mahututi asingojeshwe kwa hilo.

Na hirizi?

Iseme mapema. Mtu huificha akihofia kuchekwa, kisha kibweta chake cha fedha kikatokea kama doa jeupe juu ya pafu. Daktari hawezi kujua nyuma ya doa pana nini, picha inarudiwa, na mgonjwa anapigwa miale mara ya pili bure. Mimi lawama naitupa kwa mhudumu anayekunja uso kuliko kwa aliyeificha. Hapa si pahali pa kubishania itikadi: hirizi ya shingoni ifungwe mkononi kifua kikipigwa picha, ya kiunoni iachwe palepale. Hina haina neno. Ila kwenye MRI, mashine ya picha yenye sumaku kali, chochote cha metali lazima kitoke.

Miale yenyewe ni mingi?

Picha moja ya kifua ni kama milisivati 0.1 (milisivati ni kipimo cha miale inayoufikia mwili), pengine chini ya hapo. Ardhi na anga hutupa wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani, kwa hivyo picha hiyo ni sawa na wiki mbili tu za kuishi. CT ya tumbo, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ni habari nyingine: yaweza kufika milisivati 8 au kuzidi. Uliza kama altrasaundi itatosha, maana haitumii miale hiyo. Eksirei ikizimwa imekwisha, haibaki mwilini. Ukifika nyumbani nyonyesha.

Mbona naulizwa kama nina mimba mbele ya mavyaa?

Swali ni la lazima, mahali ndipo hapafai. Bi arusi aliyepitisha siku zake atasema "hapana" kwa haya, na jibu hilo halimsaidii mtu. Mhudumu awatoe wengine kwanza. Mimba haizuii kila picha: ikipigwa mkono au kifua, mtoto tumboni hafikiwi na miale ya kuhesabika. Tumbo na nyonga ndizo za kufikiriwa upya.

Babu yangu ni Mboni, wa jamii ya Waboni, Kiswahili kinampita.

Akichelewa kuelewa "vuta pumzi, izuie", picha hutoka na ukungu na kurudiwa. Mwenye kumtafsiria amzoeze kabla, wakubaliane ishara ya mkono, ndipo atoke chumbani.

Ramadhani je?

Eksirei ya kawaida haifunguzi. Altrasaundi ya nyongo hutaka tumbo tupu, hivyo saumu yasaidia. Ile ya kizazi mara nyingi hutaka kibofu kijae maji. Kama si ya haraka, omba miadi baada ya Idi.