Kwa Nini Hatukuinuka? Utangulizi wa Saikolojia ya Jamii kwa Wanafunzi

Mwezi uliopita, saa kumi alasiri, punda aliyebeba viroba vinne vya mchanga alitumbukiza mguu wa nyuma mtaroni, kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji hapa Lamu. Kifuniko cha zege kilikuwa kimevunjika pembeni. Mtoto aliyekuwa akimwongoza, wa miaka kumi na mitatu hivi, aliinama akaanza kulegeza kamba kwa vidole, kisha kwa meno. Kwenye baraza za pande zote mbili walikaa watu wasiopungua kumi na wawili, nami nimesimama na mkoba wangu begani. Wapita njia walijibana ukutani wakapita. Sisi tukatazama.

Mtoto akainua kichwa, akanyoosha kidole: "Ami, weye wa kikoi cha buluu! Nishikie huku!" Yule mzee aliinuka kabla mtoto hajafunga kinywa. Akafuata kijana mmoja, kisha wawili, kisha mimi. Viroba vikashushwa, punda akatolewa, amechubuka kidogo tu juu ya ukwato. Haikufika dakika mbili.

Kisa hiki nimekipeleka kwa wanafunzi wa kidato cha nne na wa mwaka wa kwanza chuoni, nikawauliza: kwa nini hatukuinuka mapema? Jibu huwa lile lile: watu wa siku hizi hawana utu. Nawaomba walishike jibu hilo kwanza, maana lenyewe ni somo. Mtu akifanya jambo, huwa tunakimbilia kuitaja tabia yake na kusahau mahali aliposimama. Mwanasaikolojia Lee Ross aliliita hilo, mwaka 1977, kosa la msingi katika kueleza matendo ya watu. Ami aliyekaa kimya ndiye aliyeinuka wa kwanza. Utu wake haukuongezeka kwa dakika moja, aliitwa tu.

Saikolojia ya jamii ni elimu inayochunguza jinsi fikra, hisia na matendo ya mtu yanavyoguswa na watu wengine, wawe mbele ya macho yake au awe anawawaza tu. Kurt Lewin, mmoja wa waasisi wake, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933 na kuhamia Marekani, alifundisha kwamba tendo la mtu huzaliwa na viwili kwa pamoja: yeye mwenyewe, na mazingira aliyomo.

Suala la watazamaji lilishika moto mwaka 1964, Kitty Genovese alipouawa usiku mjini New York. Gazeti moja liliandika kwamba watu 38 walishuhudia bila kupiga simu polisi. Hesabu hiyo ilikuja kuonekana imetiwa chumvi nyingi, lakini swali lilibaki, na vijana wawili watafiti, Bibb Latané na John Darley, wakaamua kulipima.

Waliwaweka wanafunzi kila mmoja chumbani peke yake, wazungumze kwa vipaza sauti. Katikati ya mazungumzo, sauti moja ikaanza kukwama na kuhema kama mtu aliyeshikwa na kifafa. Ilikuwa kanda iliyorekodiwa, ila wao hawakujua. Waliodhani ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31 tu. Na jambo linalonigusa kila nikilifundisha ni hili: watafiti walipoingia vyumbani, wale ambao hawakutoka walikuwa wakitetemeka, viganja vimelowa jasho, wakiuliza kama mwenzao yu salama. Hawakuwa na moyo mgumu. Dhima ilikuwa imegawanywa mafungu matano, na fungu moja halikutosha kumnyanyua mtu kitini.

Kuna sababu ya pili, nayo ni kusomana nyuso. Katika jaribio jingine walipitisha moshi chumbani. Aliyekuwa peke yake, mara tatu kati ya nne alikwenda kutoa taarifa. Aliyeketi na watu wawili waliopangwa wajifanye hawajali, ni mmoja tu kati ya kumi aliyetoka. Kila mtu anatuliza uso asionekane mwenye papara, kisha anauona utulivu wa mwenzake na kudhani hakuna hatari. Baraza lote laweza kudanganyana hivyo bila mtu kusema neno.

Hayo yana udugu na kutegea. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann, mwishoni mwa karne ya 19, aliwapima wanaume wakivuta kamba. Wanane pamoja walivuta chini kidogo ya nusu ya jumla ya nguvu ambazo kila mmoja alitoa peke yake. Sehemu ya upungufu ni kutegea kwenyewe. Sehemu nyingine ni kutovuta kwa wakati mmoja. Ukiwasikia mabaharia wakiimba wanapokwamua chombo mchangani, ujue wimbo unatibu hilo la pili: mikono yote inavuta kwa pigo moja.

Ila msiyapokee matokeo haya kama Sheria ya Mungu. Mengi yalifanyiwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, vyumbani, na wageni wasiojuana. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa picha za kamera za barabarani kutoka Amsterdam, Lancaster na Cape Town, ugomvi 219 kwa jumla. Katika visa tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja aliingilia, na watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa msaada ulivyoongezeka. Kwangu mimi hapo hapana mgongano mkubwa. Ugomvi unaonekana wazi kuwa ni hatari, na wengi wanampa mtu ujasiri. Punda mtaroni, au mtu aliyelala kando ya njia, ni mambo yenye utata, na utata ndio unaomfanya mtu amtazame jirani kwanza.

Mkipenda kuchunguza wenyewe, msiigize ajali mtaani. Kumtisha mtu kwa ajili ya utafiti bila idhini ni kumdhulumu, na taaluma hii imelipa gharama ya kujifunza hivyo. Kaeni kwenye jeti saa za boti za Mokowe na daftari. Andikeni kila abiria anayeshuka na mzigo mzito: wangapi walikuwa karibu, nani alimpokea, baada ya muda gani, na kama alimwita mtu kwa jina au alisema tu "jamani". Safu hiyo ya mwisho ndiyo nitakayoitaka kuisoma kwanza.