Herufi "p" iliyojipenyeza kwenye cheo cha mdhibiti

Kila mwishoni mwa Machi, ripoti ya CAG (Controller and Auditor General, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) inapokabidhiwa kwa Rais, huwa naulizwa: mbona sisi Tanzania tunaandika "Controller", na Waingereza waliotuachia cheo hicho wanaandika "Comptroller"? Nimekagua hesabu miaka mingi, na jibu lake nalipenda kwa sababu limebeba kazi yetu nzima.

Asili yake ni Kilatini cha zama za kati, contrarotulus: hati ya kuviringishwa inayowekwa kukabiliana na nyingine. Mtoza ushuru aliandika yake. Mtu wa pili akaandika ya kwake juu ya mzigo uleule, na siku ya hesabu zote mbili zililinganishwa, mstari kwa mstari. Mwaka 1374 mshairi Geoffrey Chaucer alipewa kazi hiyo katika bandari ya London, upande wa ushuru wa sufu na ngozi, na amri ya uteuzi ikamtaka aandike hati zake kwa mkono wake mwenyewe. Sharti hilo hunigusa kila nikilikumbuka. Hati zote mbili zikitoka mkono mmoja, udhibiti umekwisha.

Ile "p" ni kosa tu. Kuelekea mwaka 1500 waandishi walidhani neno limetokana na compte, yaani hesabu kwa Kifaransa, wakaipachika. Kwa asili herufi hiyo haitamkwi. Uingereza iliibeba hadi kwenye sheria yake ya 1866 iliyounganisha udhibiti wa hazina na ukaguzi, sisi tukaiacha.

Na "Auditor" je? Ni msikilizaji, kutoka audire, kusikia. Hesabu zilisomwa kwa sauti naye akazitegea sikio. Kiswahili kimemfanya mtu wa macho, mkaguzi, na naona kimemtendea haki.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye stoo ya mradi mmoja wa ujenzi. Leja ilisema mifuko 200 ya saruji. Hati ya mapokezi, 200. Mwandiko mmoja, kalamu moja. Nikaenda getini kuomba daftari la mlinzi, lile lenye kona zilizokunjika: namba ya lori, saa nne na robo asubuhi, mifuko 180.