Ukimpeleka Maxwell kwenye matriksi, v² inageuka nini?

Juzi jioni niko barazani Old Town na kahawa chungu na kashata, mvuke wapaa, akili ikaniruka kwa Maxwell, yule mwanafizikia. 1860 alitoa jinsi spidi za molekuli za gesi zinavyogawanyika, na ukiweka kando vipimo inabaki v² mara e kwa kipeo cha hasi v². Ile v² ya mbele watu huikariri tu, kumbe ni eneo la tufe: spidi ikikua tufe lapanuka, ikiwa sifuri hakuna nafasi kabisa.

Sasa mwanafunzi wangu mmoja kaniuliza, "Mwalimu, pale kwa v nikitia matriksi je?" Matriksi ni jedwali la namba tu, na swali tamu hilo. Yeye alijumlisha miraba ya namba zote za ndani, akaiweka jumla hiyo kila palipokuwa na v². Juu kwenye kipeo cha e hapo yuko sawa kabisa, ila ile ya mbele mie naweka mraba wa ditaminanti, namba moja inayokokotolewa toka namba za matriksi.

Chukua 2 kwa 2, a na b juu, c na d chini. Ditaminanti ni ad − bc, na hiyo huwa sifuri hata namba zenyewe zikiwa kubwa, bora tu safu mbili zielekee njia moja, yaani matriksi isiyo na kinyume. Jumla ya miraba haioni kitu hicho wallahi, ditaminanti yakiona na densiti, yaani uzito wa uwezekano, inazama mpaka sifuri palepale, kama ya Maxwell kwenye spidi sifuri.

Konstanti, ile namba ya mbele inayofanya uwezekano wote ujumlike kuwa 1, utaitoa kwa mkono, kompyuta ya nini. Fungua mabano ya (ad − bc)²: a²d² + b²c² − 2abcd. Cha mwisho kinakufa maana a chanya na a hasi zafutana, viwili vilivyobaki kila kimoja, kikizidishwa na ile e, intigro yake (jumla yake kwa a, b, c, d zote) ni π²/4, jumla π²/2, basi konstanti ni 2/π².

Ukija 5 kwa 5 ditaminanti peke yake ina vipande 120 na bado hujapiga mraba, hapo usijitese, chukua gama ya matriksi, ileile iliyo ndani ya densiti ya Wishart ya 1928, mgawanyiko wa matriksi: ni gama za kawaida (faktoria iliyopanuliwa mpaka namba zisizo kamili) zimezidishwa, namba ya ndani ya kila moja ni pungufu kwa 1/2 kuliko ya mwenzake, na π kidogo mbele.

Ah, na Rayleigh, mwenye mgawanyiko wake unaofanana na wa Maxwell. Yeye mbele ana v tu, kwa hivyo usipige mraba, tupa alama ya hasi ya ditaminanti basi. Kwa namba moja tupu konstanti yake na ya Maxwell hazilingani. Kwa 2 kwa 2 nikapiga gama mara mbili nikidhani nimekosea, yatoka 2/π² ileile.