Waliokufa vitani Kongo ni wangapi? Dhana zinazorudiwa na ukweli wake

Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 27 Januari 2025. Siku chache baadaye Umoja wa Mataifa ulitaja waliokufa 700, kisha 900. Tarehe 5 Februari naibu mkuu wa MONUSCO (kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo), Vivian van de Perre, alisema maiti 2,000 zimekwisha kukusanywa na nyingine 900 ziko mochari. Tarehe 24 mwezi huohuo waziri mkuu wa Kongo, Judith Suminwa, alisimama Geneva akataja zaidi ya 7,000. Ndipo ubishi ulipokolea: huyu anasema Umoja wa Mataifa unaficha, yule anasema Kinshasa inatia chumvi. Wengi wa wabishi hao hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja, na hapo ndipo mijadala mingi kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo inapokwama.

Dhana: idadi zikipishana, lazima kuna anayedanganya

Inawezekana. Lakini kabla ya kufika huko, tazama kila idadi imetoka wapi. Zile 700 na 900 za mwanzo zilitokana na taarifa za vituo vya afya: majeruhi waliofia hospitalini na maiti zilizofikishwa huko. Aliyeuawa barabarani na kubaki pale siku tatu kwa sababu hakuna anayethubutu kutoka nje hakuwamo. Baada ya risasi kutulia, wahudumu wa Msalaba Mwekundu walianza kuokota maiti mitaani, idadi ikapanda hadi 2,900. Hao hawakufa wiki ile ya pili. Walikuwa wamekwisha kufa, ila hakuna aliyekuwa amewafikia. Nazo 7,000 za Suminwa zilihesabiwa tangu mwanzo wa Januari na katika eneo kubwa kuliko Goma, na mwenyewe alisema hawezi kuchanganua nani alikuwa raia na nani askari.

Kwa hiyo ukikutana na idadi mbili, ulizia mambo matano: mipaka ya eneo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kama wapiganaji wamo, kama ni vifo vya silaha tu au hata vya maradhi, na mhesabuji aliona nini: maiti, jina, ushuhuda, au alikadiria. Likitofautiana hata moja, idadi hizo haziwezi kujumlishwa, wala moja kutolewa kwenye nyingine.

Makosa ya kweli hutokea kwenye kujumlisha. Maiti ileile inaweza kuandikwa mochari, ikaandikwa tena siku ya kuzikwa. Goma umeme ulikatika, majokofu yakawa hayafanyi kazi, na waliokufa wakazikwa kabla ya kutambuliwa. Suminwa alitaja maiti zaidi ya 2,500 zilizozikwa bila majina. Wakati huohuo familia zinaandikisha ndugu waliopotea. Ukichukua orodha ya waliopotea ukaiongeza juu ya ile ya maiti wasio na majina, unamhesabu mtu mmoja mara mbili. Kinga ni ya kazi ya mikono: kila maiti ipewe namba, ipigwe picha ya uso, mavazi na alama za mwilini, paandikwe ilipookotwa na tarehe, na namba hiyohiyo iwekwe juu ya kaburi. Hatua moja ikirukwa, hapatapatikana tena namna ya kuoanisha orodha hizo mbili. Upande wa pili kuna wale waliozikwa uani na jamaa zao, ambao hawakuingia kwenye daftari lolote.

Dhana: watu milioni sita wameuawa kwa silaha

Hii ndiyo inayobebwa kwenye mabango, na wengine wamekwisha kuipandisha hadi milioni kumi. Chanzo chake kinajulikana. Shirika la misaada la IRC (International Rescue Committee) lilifanya tafiti tano za vifo kati ya mwaka 2000 na 2007, na ya mwisho ilikadiria watu milioni 5.4 tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Waliohesabiwa ni vifo vya ziada: watu ambao wasingekufa kama nchi ingekuwa katika hali ya kawaida. Wengi waliondoka kwa homa na malaria, kuhara, nimonia, utapiamlo na matatizo ya watoto wachanga. Katika utafiti wa mwisho, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na silaha vilikuwa asilimia 0.4. Watoto chini ya miaka mitano, ambao ni asilimia 19 ya watu, walikuwa asilimia 47 ya waliokufa.

Hesabu yenyewe inafanywa hivi. Watafiti wanachagua maeneo ya afya kwa bahati nasibu, wanabisha hodi nyumba kwa nyumba na kuuliza nani aliishi hapa, nani alizaliwa, nani alikufa na lini. Wanapata kiwango cha vifo. Kwa utafiti ule kilikuwa 2.2 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Kisha wanatoa kiwango cha kawaida, yaani vifo ambavyo vingetokea hata bila vita. IRC walitumia 1.5, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Tofauti ni 0.7. Ukiizidisha kwa watu milioni 60, ili tuwe na mfano, unapata vifo vya ziada 42,000 kwa mwezi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Kundi la watafiti wa Human Security Report, Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walihoji mwaka 2010 kwa nini Kongo ipewe wastani wa bara zima, wakati hata kabla ya vita hali yake ilikuwa mbovu kuliko wengi: Mobutu alikuwa ameacha hospitali bila dawa na watumishi bila mishahara, na uporaji wa 1991 na 1993 ulikuwa umemaliza kilichobaki. Walipoweka 2.0 badala ya 1.5, tofauti ikawa 0.2, na makadirio ya kipindi cha tafiti za mwisho yakashuka chini ya theluthi moja. Kwa mfano wetu, 42,000 zinakuwa 12,000. Hakuna aliyegusa dodoso hata moja. Wataalamu wawili wa takwimu za watu kutoka Ubelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, walipita njia nyingine kabisa wakafika kwenye takriban vifo 200,000 vya ziada kati ya 1998 na 2004.

Kuchagua mmojawapo na kuapa juu yake ni vigumu, na sababu ni ya msingi: sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Idadi ya watu ambayo kila mtu anazidishia ni makadirio juu ya makadirio. Linaloonekana katika tafiti za IRC zilizogusa pande zote za nchi ni kwamba mashariki watu walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko magharibi, na sehemu ambazo mapigano yalipungua vifo navyo vilishuka. Hilo lina nguvu kuliko jumla yenyewe, ingawa halitoshei kwenye bango.

Isiyokubalika kabisa ni desturi ya kuchukua vifo 45,000 kwa mwezi, kiwango cha wakati ule, na kuvizidisha kwa miezi yote tangu 2007. Kiwango cha vifo hubadilika kila mwaka na kila mkoa. Milioni kumi nyingi zinazotajwa zimepikwa namna hiyo.

Dhana: aliyekufa kwa malaria au kipindupindu si mhanga wa vita

Hili ndilo kosa la upande wa pili, nalo hupendwa na wanaotaka idadi ionekane ndogo. Maji na umeme vilipokatika Goma Januari 2025, watu waliteka maji ya Ziwa Kivu bila kuyatibu. Mwezi uliofuata waliokuwa kambini pembezoni mwa mji walipewa saa 72 waondoke, ingawa baadaye M23 walisema kurudi makwao ni kwa hiari. Kuhama hivyo kunakatiza dozi za kifua kikuu na za kupunguza makali ya VVU, chanjo, na lishe ya watoto wenye utapiamlo mkali. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa, njia ya haraka ya dawa ilifungwa nao.

Wahudumu wa dharura wana kipimo cha kugundua hali hii: kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku ni kiwango cha dharura, kwa watoto chini ya miaka mitano ni viwili. Kambi yenye watu 50,000 ikizika watano kwa siku, imekwisha kufika. Kinachowaangusha wengi ni kutegemea orodha ya mgawo: familia huficha msiba ili zisipunguziwe mgawo wa chakula. Ndiyo maana mhesabuji mzuri hulipa wachimba makaburi wamwarifu, hategemei kadi za mgawo.

Dhana: bila majina, mauaji hayakutokea

Chukua Rutshuru, Kivu Kaskazini, Julai 2025. Human Rights Watch iliandika raia zaidi ya 140 waliouawa katika vijiji visivyopungua 14 karibu na Hifadhi ya Virunga, ikasema huenda wakazidi 300. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitaja raia wasiopungua 319, wakiwamo wanawake 48 na watoto 19, kati ya tarehe 9 na 21 Julai, katika vijiji vinne. Wengi wakiwa wakulima waliokuwa wamepiga kambi mashambani msimu wa kupanda. M23 ilikanusha, na Rwanda, inayotuhumiwa kuiunga mkono, ikakana kuhusika. Mtandaoni wakatokea waliosema: leteni majina.

Majina hayachapishwi kwa sababu shahidi bado anaishi chini ya anayemtuhumu. Kinachochunguzwa badala yake ni kama mashahidi wasiojuana wanaeleza siku, mahali na namna ileile, na kama maelezo hayo yanaoana na picha za setilaiti au makaburi. Ripoti ya uchoraji ramani ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyoorodhesha matukio 617 kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ilidai kila tukio liwe na angalau vyanzo viwili huru. Haikukusudia kujumlisha waliokufa, japo kila mwaka hunukuliwa kana kwamba ilifanya hivyo.

Wanaolinganisha na Gaza husahau kwamba kule kuna daftari la raia na namba za vitambulisho, ndiyo maana wizara ya afya huweza kutoa orodha ya majina. Na hata kule, Mei 2024, Umoja wa Mataifa ulipotenganisha waliotambuliwa na wasiotambuliwa, watu walitangaza kwamba idadi ya wanawake na watoto imepunguzwa nusu. Jumla ilibaki palepale, karibu 35,000.

Dhana: kijana wa kiume si raia

Sheria haisomi umri wala jinsia. Raia hupoteza ulinzi wake wakati anaposhiriki moja kwa moja katika mapigano, na kwa muda huo tu. Mzalendo, yaani mpiganaji wa makundi ya Wazalendo yanayopigana upande wa serikali, mwenye bunduki mstari wa mbele anaweza kulengwa. Kaka yake anayelima hawezi. Kumpa mpiganaji chakula chini ya vitisho hakumgeuzi mtu mpiganaji. Penye shaka, ahesabiwe raia. Onyo la kuondoka nalo halifuti kitu: mzee aliyebaki kwa sababu hawezi kutembea ni raia vilevile.

Jihadhari na ripoti inayosema tu “wanawake na watoto”. Inaacha nje wanaume raia, ambao Rutshuru ndio waliokuwa wengi kati ya waliouawa.

Dhana: vita ni moja, muuaji ni mmoja

Tarehe 27 Julai 2025, siku sita baada ya kipindi kile cha Rutshuru, waasi wa ADF (Allied Democratic Forces) walishambulia kanisa huko Komanda, Ituri, wakaua watu zaidi ya 40. Kundi lingine, mkoa mwingine, chimbuko lingine: ADF walianzia Uganda. Yapo makundi zaidi ya mia. Anayejumlisha yote na kumbandika adui anayemchukia ameharibu ushahidi ambao mahakama ingeuhitaji.

Dhana: picha haisemi uongo

Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu Kusini, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Zaidi ya 230 walikufa. Picha za miili ile iliyoungua zimezunguka miaka mingi zikiitwa mauaji ya Wakristo nchini Nigeria. Kabla ya kusambaza, kata fremu tatu au nne za video na uzitafute kwa picha, kwa sababu fremu ya kwanza huweza kuwa imebadilishwa. WhatsApp hufuta taarifa za saa na kamera, hivyo omba faili halisi kwa aliyepiga. Tafuta alama zisizohama: kuta za mawe meusi ya lava, mlima wa volkeno wa Nyiragongo upande wa kaskazini mwa Goma, maandishi ya dukani. Utafutaji usipoleta kitu, haimaanishi picha ni mpya.

Dhana: idadi ikipungua, hali imetulia

MONUSCO iliondoka Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024. Bukavu ilitekwa Februari 2025, Uvira Desemba 2025, na kikosi kilichokuwa na magari, redio na wachunguzi wa kwenda vijijini hakikuwapo tena. Mkoa unaotoa taarifa chache unaweza kuwa na vifo vichache, au wahesabuji wachache. Namna rahisi ya kupambanua: tazama ni vituo vingapi vya afya vilituma taarifa mwezi ule ukilinganisha na mwezi uliotangulia. Vikishuka kutoka 40 hadi 12, mstari wa vifo unaoteremka kwenye chati unaonyesha vituo vilivyonyamaza.