Fomu ya Chia na Neno "Kupooza"

Jirani yangu hapa Brooklyn Park, Minnesota, alinijia Jumapili moja jioni na karatasi mkononi, ameikunjakunja kama barua ya polisi. Binti yake wa miaka 14 anataka kuingia timu ya chia, yaani kuongoza ushangiliaji (cheerleading), ya shule ya sekondari. Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa mbili, na ukurasa wa pili ulimtaka mzazi atie sahihi kwamba anaelewa mchezo huu unaweza kusababisha majeraha makubwa, kupooza, hata kifo.

"Dadangu, hawa si wanashangilia mpira tu? Sasa kupooza kunatoka wapi?"

Mimi ni mtu wa fizio, tiba ya viungo. Wagonjwa wangu wengi ni wanafunzi wanamichezo, na kila Aprili hadi Mei, msimu wa mchujo wa chia katika shule nyingi za hapa, kliniki hujaa wasichana wenye vifundo vya mikono vilivyovimba. Kwa hiyo swali lake halikunishangaza. Nimemwomba ruhusa niandike, kwa sababu yeye si wa kwanza kuniuliza.

Chia (si zile mbegu za kutia kwenye maji) ilizaliwa hapahapa Minnesota. Tarehe 2 Novemba 1898 timu ya futiboli ya Kimarekani ya University of Minnesota ilikuwa imechoka kufungwa, na mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell akasimama mbele ya watu akawaongoza kupiga kelele kwa pamoja. Kwa miaka 25 walioongoza walikuwa wanaume pekee; wanawake waliingia mwaka 1923. Mama yule alikuwa na picha hiyo ya zamani kichwani: vishada vya rangi, sketi fupi, nyimbo. Vishada bado vipo, lakini juu yake yameongezwa mambo mawili. La kwanza ni sarakasi za ardhini. La pili ni stanti, yaani wasichana watatu au wanne kumnyanyua mwenzao hadi asimame viganjani mwao, na wakati mwingine kumrusha hewani na kumdaka. Neno "kupooza" linatoka hapo.

Kwa takwimu, chia inachanganya. Ukihesabu majeraha yote kwa jumla, iko chini kuliko mpira wa miguu wa wasichana au mpira wa kikapu. Msichana anaweza kumaliza msimu mzima hana hata mkwaruzo. Lakini kituo cha Chapel Hill, North Carolina, ambacho tangu 1982 kinahesabu majeraha mabaya kabisa ya michezo ya shule na vyuo, yale ya uti wa mgongo na ubongo, kiliripoti kwa miaka mingi kwamba karibu theluthi mbili ya majeraha ya namna hiyo kwa wasichana wa sekondari yalitokana na chia. Ajali ni chache, ila ikitokea huwa nzito. Tena nyingi hutokea mazoezini, siku za kawaida, wakati hakuna mzazi anayetazama. Mechi ya Ijumaa usiku, ile tunayokwenda na blanketi na thermos ya chai, haina hatari kubwa kihivyo.

Mfano ninaoutumia kila mara uko ng'ambo ya mto tu, Wisconsin. Mwaka 2004, mazoezini, wanachia walijaribu stanti ambayo hawakuwahi kuifanya pamoja. Hapakuwa na magodoro chini. Kocha alikuwa mita chache pembeni akishughulika na kundi jingine. Mwenzao aliyepaswa kusimama nyuma kumlinda anayenyanyuliwa alikaa mbele. Msichana akaanguka kinyumenyume, kichwa kikapiga sakafu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya jimbo hilo, na mwaka 2009 majaji wakaamua kwamba chia ni mchezo wa kugusana miili, kwa hiyo mchezaji mwenzake hashitakiwi kwa uzembe wa kawaida, na shule nayo ilikuwa na kinga ya kisheria. Nilimsomea mama yule muhtasari huo. Si kwa kumtisha. Nilitaka ajue kwamba hapa mambo yakishaharibika, kortini unaweza kurudi mikono mitupu. Kazi yote iko kabla.

Tena angalia makosa ya siku ile. Hakuna lililohitaji mashine ya bei kali au daktari bingwa. Alihitajika mtu mzima mmoja wa kusema: bado. Bado, hamjaifanya pamoja. Bado, ngojeni magodoro. Bado, mlinzi yuko upande usio wake. Ninapomtathmini kocha wa chia, hicho ndicho ninachokitafuta, kama ana "bado" mdomoni.

Stanti salama hupanda kama ngazi. Wasichana hufanya kwanza usawa wa paja, wakikaa imara wanapanda hadi kiunoni, kisha mabegani, ndipo mikono inyooshwe juu. Kila hatua inarudiwa hadi iwe ya kuchosha. Shirikisho la vyama vya michezo vya sekondari, NFHS, hutoa kitabu cha kanuni za chia kila mwaka, na kanuni hizo zinakataza piramidi ya ghorofa tatu, na zinazuia kurushana juu kwenye sakafu ngumu ya uwanja wa kikapu. Kuna pia cheti cha usalama cha USA Cheer, chombo kinachosimamia chia Marekani, ambacho kocha anaweza kukipata. Muulize kama anacho. Lakini nimekutana na makocha wenye cheti ukutani ambao wiki mbili kabla ya mashindano ngazi nzima wanairuka.

Kwa hiyo nikamwambia mama aulize swali jingine, kwa upole, kama mtu anayepiga soga: "Wiki iliyopita kuna msichana uliyemzuia kufanya stanti? Kwa nini?" Kocha anayejua kazi atakuwa na jibu papo hapo: fulani alikuwa na kifua, fulani hajalala, kundi fulani lilitetemeka mara mbili nikawashusha. Asiyejua atakuambia timu yake haina matatizo.

Sasa mchujo wenyewe. Kwa kawaida wasichana hupewa siku kadhaa kujifunza wimbo, densi na mirukio, kisha wanapangwa mbele ya majaji wakiwa na namba kifuani. Sarakasi huongeza alama, hasa ile ya kujirusha kinyumenyume, ukatua kwa mikono kisha kwa miguu. Hapo ndipo wazazi wetu wanaponiumiza roho. Mtoto hajawahi kusimama kwa mikono maishani mwake, na mzazi, kwa mapenzi, analipia masomo ya haraka ya wiki mbili. Mapenzi hayo ndiyo ninayoyatibu mwezi Mei.

Mfupa wa mkono wa msichana wa miaka 13 au 14 haujaisha kukua. Karibu na kifundo, upande wa kidole gumba, kuna tabaka la gegedu ambapo mfupa unarefuka. Tabaka hilo ni laini kuliko mfupa wenyewe. Ukilibamiza uzito wa mwili mzima mara 60 kwa jioni moja, siku baada ya siku, linawaka. Dalili ni maumivu anapoweka kiganja chini na kukunja kifundo, kama mtu anayejiinua kutoka kwenye mkeka. Ukimwona anainuka kwa ngumi badala ya kiganja, amekwisha kuficha kitu. Apumzishwe na apimwe. Wengi hupona vizuri wakipumzishwa mapema, lakini wakilazimishwa mfupa unaweza kuacha kukua sawasawa.

Kipimo changu cha nyumbani hakina gharama. Asimame kwa mikono, miguu ikiegemea ukuta, kwa nusu dakika bila mgongo kupinda kama upinde. Kisha aruke kutoka ngazi ya chini ya nyumba. Mtazame magoti, na usikilize. Magoti yakigongana kama yanasalimiana, kano za ndani ya goti ziko hatarini. Akitua kwa kishindo cha gunia la mchele, misuli yake haijajifunza kupokea uzito. Kama anashindwa hayo mawili, hiyo sarakasi ni ya mwaka kesho, na alama za mwaka huu azitafute kwenye sauti, densi na mirukio.

Mama alikuwa na hofu ya binti yake kuwa flaya, yule anayesimama juu. Kila mtu anaogopa hilo. Mimi nawahofia zaidi mabesi, walio chini. Wao ndio wanaodaka, kwa hiyo wao ndio wanaopigwa viwiko vya kichwa na visigino vya pua, na mtikisiko wa ubongo miongoni mwao ni jambo la kawaida. Besi mwenye mtikisiko mara nyingi hazirai. Anacheka, anajifuta, anarudi kwenye nafasi yake, na nyumbani anasema taa zinamkera. Tangu 2014 kila jimbo la Marekani lina sheria kuhusu mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo vijana, na nyingi zinasema hivi: akishukiwa, anatolewa siku hiyohiyo, na harudi bila ruhusa ya mtaalamu wa afya. Uliza nani hufanya uamuzi huo mazoezini. Karibu theluthi moja ya shule za sekondari nchini hazina mtaalamu wa afya ya wanamichezo, na hata zenye naye humpeleka kwanza kwenye futiboli. Uliza pia mashine ya kushtua moyo iko mlango gani, na nani ana ufunguo jioni. Utashangaa.

Kuhusu wepesi: wadogo wetu wembamba huchaguliwa kuwa flaya kwa kutazamwa tu. Lakini mwili mwepesi usiojikaza ni mgumu kuubeba kuliko mzito uliojikaza. Jaribu kumbeba mtoto aliyelala uone. Kocha akianza kuzungumzia kilo za msichana mbele ya wenzake, toka naye hapo. Nimetibu mivunjiko ya uchovu, yaani nyufa ndogo za mfupa uliochoshwa, kwa wasichana walioacha kula ili wabaki juu.

Mavazi sikai nayo sana. Wazazi Waislamu mara nyingi wanafikiri mlango umefungwa, na mara nyingi haujafungwa: mikono mirefu, suruali ya kubana chini ya sketi, hijabu ya michezo isiyo na pini. Ombeni mapema, kabla ya sare kuagizwa, kwa maandishi.

Jambo linaloninyima usingizi ni jingine kabisa, nalo linatoka nyumbani kwetu. Tumewalea watoto wetu kwamba mkubwa hajibiwi. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo Mombasa na sijutii. Lakini kocha ni mkubwa. Mwaka 2017 zilionekana video kutoka shule moja ya Denver za wasichana wa chia wakishikiliwa na kusukumwa chini wapige msamba, mmoja akilia na kuomba aachiwe. Kocha alifukuzwa, baada ya video kutoka nje. Na mwaka 2006 mwanafunzi wa Southern Illinois University, Kristi Yamaoka, alianguka kichwa chini kutoka kwenye piramidi katika mechi ya mpira wa kikapu mjini St. Louis. Alipokuwa akitolewa kwenye machela, shingo imefungwa, bendi ikapiga wimbo wa chuo naye akaanza kuchezesha mikono yake kama alivyofunzwa. Uwanja mzima ulimshangilia. Watu wa kazi yangu huitazama video ile na kusisimka mwili, kwa kuwa mtu anayeshukiwa kuvunjika shingo hapaswi kusogeza kitu.

Ndiyo maana nilimwita binti mwenyewe mezani. Nikamfundisha sentensi moja kwa Kiingereza, fupi, isiyo na samahani ndani yake: leo siwezi, kifundo kinauma. Alicheka. Nikamwambia airudie. Mara ya tatu mama yake alikuwa anamtazama kwa jicho lile la "unajibu nani hivyo?", akajishtukia, akaangalia pembeni. Tukaendelea. Nikamwambia pia kwamba kocha mtu mzima akimtumia ujumbe wa simu wa faragha, mama aingizwe humo humo, hata kama ujumbe ni wa saa ya mazoezi tu.

Mama hakutia sahihi siku ile. Alikwenda Jumanne, akaketi kwenye viti vya jimu saa moja na nusu na buibui lake, akitazama. Aliniambia kocha aliwashusha kundi moja mara nne, mpaka msichana wa juu akanuna. Usiku huo akatia sahihi.

Binti alipita mchujo kwa sauti yake, sarakasi hana. Alipangwa besi, naye alitaka flaya, akakaa siku mbili hasemi na mtu. Sasa kila Alhamisi ananipitia nimfunge vifundo kwa tepu, na mama yake bado ameibandika nakala ya ule ukurasa wa pili kwenye mlango wa friji.